KILIMA CHA WATERFORD: SHULE ILIYOJIFUNZA KULEA WATOTO WALIO MBALI NA WAZAZI

Msafiri atokaye Johannesburg kwa motokaa kuelekea mashariki hupita kwanza katika nyanda pana za mahindi na migodi ya makaa ya mawe. Saa hufuatana na nchi ni ile ile, tambarare na yenye upepo. Kisha ardhi huanza kujikunja, vilima vikajitokeza kimoja baada ya kingine, na barabara ikafika mpakani. Ng'ambo ya mpaka ni Ufalme wa Eswatini, nchi iliyojulikana kwa jina la Swaziland hadi mwaka 2018. Eneo lake ni kilomita za mraba 17,364 tu, nayo imezungukwa karibu pande zote na Afrika ya Kusini, isipokuwa upande wa mashariki inakopakana na Msumbiji.

Kituo cha mpakani huitwa Ngwenya, jina la mlima ulio karibu, ambao wenyeji husema umelala kama mamba. Mswahili halimpi shida neno hilo, kwa maana Kiswahili nacho kinalo neno ngwena. Katika mlima huo watu walichimba udongo mwekundu wa kujipaka zaidi ya miaka 40,000 iliyopita, na wataalamu huuhesabu kuwa miongoni mwa migodi ya kale kuliko yote duniani. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Mbabane, mji mkuu wa serikali, uliojengwa mahali penye kimo cha zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi yake huuma, na asubuhi nyingine majani huonekana meupe kwa jalidi. Wakati wa masika ukungu hushuka ukaufunika mji hata taa za magari zikawashwa mchana.

Juu ya mji huo, kwenye mteremko wa kilima, ndipo ilipo shule iitwayo Waterford Kamhlaba. Watalii wengi hawaijui. Wao huteremka moja kwa moja hadi bonde la Ezulwini kutazama mahoteli na vinyago. Lakini mzazi yeyote aliyewahi kumfungia mtoto wake sanduku la shule ya bweni angepata faida kubwa kuliko ya mtalii kama angepanda kilima hicho na kujua habari zake.

SHULE ILIYOKATAA UBAGUZI

Habari hizo zinaanzia Johannesburg. Mwaka 1953 serikali ya Makaburu ilipitisha sheria ya elimu ya Wabantu, iliyokusudia kumpa mtoto wa Kiafrika elimu duni, ya kumtosha kuwa mtumishi tu. Mtaani Rosettenville palikuwa na shule ya Kikristo ya Waafrika iliyoitwa St Peter's. Oliver Tambo alisoma hapo, kisha akarudi kufundisha. Msimamizi wake mmoja alikuwa Padre Trevor Huddleston, ambaye baadaye, kuanzia mwaka 1960, alikuwa Askofu wa Masasi nchini Tanganyika. Watawa walioiendesha shule hiyo waliona ni heri kuifunga kuliko kuitii sheria ile, nayo ikafungwa mwaka 1956.

Katika majengo hayo hayo ilifunguliwa shule nyingine, ya watoto wa Kizungu peke yao kama sheria ilivyotaka. Mkuu wake alikuwa Mwingereza, Michael Stern. Alivyozidi kukaa hapo ndivyo alivyozidi kuona kwamba hawezi kuwafundisha watoto utu huku mlango wa shule ukiwabagua wenzao. Akaacha kazi, akavuka mpaka na kuingia Swaziland, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Uingereza lakini haikufungwa na sheria za Makaburu. Mwaka 1963 alifungua shule yake juu ya kilima cha Waterford akiwa na wavulana 16 wa rangi mbalimbali. Majengo yalichorwa na Pancho Guedes, msanifu mashuhuri aliyeishi Lourenço Marques, mji ambao leo huitwa Maputo. Wasichana walipokelewa baadaye.

Mwaka 1967 Mfalme Sobhuza wa Pili aliitembelea shule akaipa jina la Kamhlaba. Neno hilo la Kiswazi lina maana mbili zilizoshikana: lahusu dunia yote, na lahusu udongo. Kwa hivyo jina lenyewe lilikuwa fundisho: walioko hapo ni wa ulimwengu mzima, na wote asili yao ni udongo mmoja. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Septemba 1968, nchi ikapata uhuru. Mwaka 1981 shule ilijiunga na umoja wa shule za kimataifa uitwao United World Colleges, ikawa ya kwanza ya umoja huo katika bara la Afrika.

WATOTO WALIOKUJA NA MIZIGO

Kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali chini ya paa moja lilikuwa jambo la ushujaa katika miaka ile. Hata hivyo walimu waligundua mapema kwamba kumpokea mtoto ni mwanzo tu wa kazi. Wengi waliopanda kilima kile walikuja na mizigo isiyoonekana sandukuni.

Ian Khama, kwa mfano, alizaliwa Uingereza mwaka 1953 wakati baba yake, Seretse Khama, alipokuwa amezuiwa na Waingereza kukaa kwao kwa sababu alimwoa mwanamke wa Kizungu. Mtoto huyo alisoma Waterford, akawa mwanajeshi, akapanda cheo hadi kuwa mkuu wa jeshi la Botswana, na kati ya mwaka 2008 na 2018 alikuwa Rais wa nchi hiyo. Lindiwe Sisulu naye alisoma hapo wakati baba yake, Walter Sisulu, akitumikia kifungo cha maisha. Kuanzia mwaka 2009 alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Afrika ya Kusini iliyo huru. Askofu Desmond Tutu pia alipeleka watoto wake huko.

Lakini habari iguseyo moyo kuliko zote ni ya mabinti wawili wa Nelson Mandela, Zenani na Zindzi. Baba yao alipokamatwa mwezi wa Agosti 1962, mkubwa alikuwa na miaka mitatu na mdogo hakutimiza miwili. Mwaka 1964 alihukumiwa kifungo cha maisha akapelekwa kisiwa cha Robben. Katika miaka ya kwanza mfungwa wa daraja lake aliruhusiwa mgeni mmoja na barua moja tu kila miezi sita. Zaidi ya hayo, kanuni za gereza hazikumruhusu mtoto mwenye umri kati ya miaka miwili na 16 kumtembelea mfungwa. Basi mabinti hao walikua wakiwa na baba aliye hai ambaye sura yake waliijua kwa picha. Kisha, usiku wa tarehe 12 Mei 1969, polisi wa usalama walifika nyumbani wakamchukua mama yao, Winnie, mbele ya macho yao. Zenani alikuwa na miaka 10, Zindzi alikuwa na minane. Mama huyo alikaa kizuizini siku 491.

Mandela aliwaandikia watoto wake kutoka gerezani, lakini barua nyingine hazikuwafikia. Kwa kuwa alijua hatari hiyo, alizinakili katika daftari. Daftari mbili zenye nakala hizo zilichukuliwa na wakubwa wa gereza, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua ziliko. Mwaka 2004 Donald Card, aliyekuwa askari wa polisi ya usalama katika enzi ya ubaguzi, alizirudisha mkononi mwa Mandela mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amezihifadhi nyumbani kwake. Wakati huo wasichana wale walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima wenye watoto wao.

Hao ndio watoto waliolala katika mabweni ya Waterford. Mtoto wa namna hiyo anaweza kufaulu hesabu na Kiingereza huku moyo wake unavuja damu, na mwalimu atazamaye daftari la maksi peke yake hataona kitu.

MALEZI YA BWENINI

Ndiyo sababu shule za bweni za namna ya Waterford zilijenga taratibu ya malezi iliyo sawa na masomo kwa uzito wake. Msingi wa taratibu hiyo ni kwamba kila mtoto awe na mtu mzima mmoja anayemjua kwa jina, kwa tabia na kwa habari za nyumbani kwake. Si mtu wa kumwadhibu, bali wa kumsikiliza.

Kila bweni huwa na walezi wake, mara nyingi mwalimu pamoja na mke au mume wake, ambao hulala hapo hapo pamoja na wanafunzi. Hao ndio husikia kikohozi cha usiku, na ndio huona kwamba fulani hakula jana wala juzi. Mbali na walezi wa bweni, kila mwalimu hupewa kikundi kidogo cha wanafunzi, akaonana nao kwa siku zilizowekwa na kuwauliza hali zao, masomo yao na marafiki zao. Yuko mwuguzi wa kutazama mwili, na yuko mshauri aliyefunzwa kutazama mafadhaiko ya moyo. Mwanafunzi humwendea mshauri huyo kwa siri, wala wenzake hawaambiwi. Lakini siri hiyo ina mpaka: ikiwa maisha ya mtoto yamo hatarini, mshauri hana budi kuwaarifu wakubwa.

Wanafunzi wa siku nyingi nao hupewa kazi ya kuwapokea wageni. Mtoto aliyeondoka kwao jana husikia vizuri zaidi maneno ya mwenziwe aliyelia mwaka jana kuliko hotuba ya mkuu wa shule. Vyumba hupangwa kwa makusudi ili wa nchi moja wasijitenge: Mswazi hulala karibu na Mnorwe, Mkristo karibu na Mwislamu. Magomvi hutokea, tena mengi, kuhusu dirisha liwe wazi au lifungwe, kuhusu muziki, kuhusu saa ya sala. Kuyatatua magomvi hayo bila ngumi ni somo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulifundisha.

Walimu waliofanya kazi hiyo waliifanya kama wito. Richard Eyeington, aliyekuwa mkuu wa Waterford kwa miaka mingi, pamoja na mkewe Enid, hawakuona kustaafu kuwa mwisho wa ulezi. Walikwenda Somaliland kuendesha shule katika mji wa Sheikh, nchi iliyokuwa imeharibiwa na vita, na huko waliuawa kwa risasi mwezi wa Oktoba 2003.

KUHUDUMIA NI DAWA

Jambo la pili lililojifunzwa kilimani ni kwamba mtoto mwenye majonzi hapati nafuu kwa kuangaliwa tu. Hupata nafuu zaidi anapopewa mwingine wa kumwangalia yeye.

Kwa hiyo wanafunzi hushuka kilima kwenda kutumikia: kuwasaidia watoto wa shule za msingi kusoma, kuwatazama wagonjwa, kukaa na wakimbizi. Wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho, wanaosomea cheti cha kimataifa kiitwacho Baccalaureate, hawakipati cheti hicho kwa mitihani peke yake. Yawapasa kuonyesha kwamba katika muda usiopungua miezi 18 wameshiriki kazi za ubunifu, za kutumia nguvu za mwili, na za kuwahudumia watu.

Wala haja si ndogo katika nchi hiyo. Eswatini imepigwa na UKIMWI kuliko nchi yoyote duniani, na karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne anaishi na virusi vyake. Yatima ni wengi, na nyumba zinazoongozwa na bibi mzee ni jambo la kawaida. Nchi imepigana kwa ushujaa, na mwaka 2020 ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kulifikia lengo la asilimia 95 katika kupima, kutibu na kudhibiti virusi. Mwanafunzi aliyetoka nyumba ya kitajiri, akaketi mchana mmoja na mtoto mwenziwe ambaye tayari ndiye mkuu wa nyumba, hurudi bwenini amenyamaza. Siku hiyo halalamikii chakula.

ULINZI WA MTOTO

Haifai kuficha upande mwingine wa mambo. Mahali palipo na watoto walio mbali na wazazi, ndipo mtu mwovu naye hutafuta kazi. Shule za kimataifa zina hatari yake ya pekee, kwa kuwa walimu huhama kutoka nchi hadi nchi, na aliyefanya ubaya huku anaweza kufika kule akiwa na barua nzuri mkononi. Baada ya maovu ya namna hiyo kufichuliwa, vyama vya shule za kimataifa viliunda mwaka 2014 kamati ya pamoja ya ulinzi wa mtoto. Tangu hapo shule huhimizwa kuchunguza habari za kila mfanyakazi kwa waajiri wake wote wa zamani, kuwa na mtu maalumu wa kupokea malalamiko ya watoto, na kuwafundisha watoto wenyewe kwamba wanaruhusiwa kusema hapana hata kwa mtu mzima.

Mzazi anayo haki ya kuuliza maswali hayo kabla ya kulipa karo. Shule njema hujibu bila kuona haya. Shule inayokasirika inapoulizwa imekwisha kujibu.

FUNZO KWA NYUMBA ZA ASKARI

Huenda askari akisoma habari hizi kambini akasema kwamba mambo ya shule za kimataifa ni ya mabalozi na matajiri. Lakini maisha ya mtoto wa askari na ya mtoto wa balozi yanafanana kuliko adhaniwavyo. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa Marekani, Ruth Hill Useem, aliwachunguza watoto waliokulia nje ya nchi za wazazi wao. Watoto hao si wa huku kamili wala wa kule kamili, akawapa jina la watoto wa utamaduni wa tatu. Wanajua lugha nyingi na hupata marafiki upesi, lakini wakiulizwa kwao ni wapi, husitasita. Mtoto aliyezaliwa katika kambi moja, akaanza shule katika ya pili na kumaliza katika ya tatu, analifahamu vizuri swali hilo.

Basi yaliyojifunzwa kilimani Waterford yanaweza kutumika katika nyumba yoyote ambayo baba au mama huitwa kwenda lindo la mbali, au ambayo mtoto hupelekwa bweni.

Kwanza, mtoto aambiwe kweli mapema. Kumpeleka shule kwa hila, au kuondoka alfajiri akiwa usingizini ili asilie, humfundisha kwamba wapendwa wake hutoweka bila taarifa. Kuagana kwa machozi ni afadhali kuliko kutoagana.

Pili, azoezwe kidogo kidogo. Aliyewahi kulala siku chache kwa shangazi au kwa babu huuvumilia muhula wa kwanza kuliko yule ambaye hajawahi kutoka mikononi mwa mama yake.

Tatu, mzazi asimwahidi kwamba akiona vibaya atakuja kumchukua. Madaktari wa watoto huonya juu ya ahadi hiyo, kwa sababu mtoto hukaa akiingoja badala ya kujenga urafiki mahali alipo. Kuwatamani watu wa nyumbani si ugonjwa, na kwa watoto walio wengi hupungua baada ya majuma ya kwanza. Lakini ikiwa mtoto haachi kulia, halali, hali, au anasema maneno ya kutaka kufa, hapo si suala la kuzoea tena. Mzazi aende mwenyewe, bila kuchelewa.

Nne, ajue jina la mtu. Mzazi anayejua jina la mkuu wa shule peke yake hajui kitu. Amjue mlezi wa bweni na mwuguzi, na wao wamjue yeye. Wakiarifiwa kwamba baba amepelekwa vitani au kwamba bibi amefariki, watajua kwa nini mtoto amebadilika, wala hawatamchapa kwa uzembe.

Tano, barua isikatike. Siku hizi kuna simu, nayo ni neema. Lakini simu ya kila saa humrudisha mtoto nyumbani kwa mawazo kabla hajafika shuleni. Ni bora kuweka siku na saa, ikatimizwa bila kukosa. Maneno yaliyoandikwa yana faida yake pia, kwa kuwa husomwa tena usiku.

Elimu ya umoja huo wa shule haiko mbali kama zamani. Tangu mwaka 2019 shule iliyoanzishwa Moshi mwaka 1969, ambayo sasa ina matawi Moshi na Arusha, ni mwanachama wake. Katika nchi nyingi ziko kamati zinazochagua vijana, na wengine hupewa msaada wa karo kwa kadiri ya haja zao. Kijana wa askari anaweza kujaribu kama mwingine yeyote.

Zenani Mandela aliolewa mwaka 1977 na mwana wa Mfalme Sobhuza. Kwa kuwa sasa alikuwa wa nyumba ya kifalme, gereza halikuweza kumzuia nyuma ya kioo kama wageni wengine. Mwaka 1978 aliingia kisiwani na mume wake pamoja na mtoto wao mchanga, akamkumbatia baba yake, ambaye mikono yake haikuwa imemgusa tangu alipokuwa mdogo. Mandela alimpakata mjukuu wake muda wote wa mazungumzo, akampa jina la Zaziwe, lenye maana ya tumaini. Miaka iliyopotea katikati haikuweza kurudishwa na mtu yeyote. Lakini binti aliyeingia siku ile alikuwa amekua, ana akili zake timamu na upendo wake haukufa, na katika hilo wamo walezi wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.